Njia Isiyofichika: Madaftari ya Hadhara ya Setilaiti za Siri

Jua likisha kuzama Mpitimbi, kijiji kilicho kusini mwa mji wa Songea, mkoani Ruvuma, giza huingia upesi. Huko hakuna wingi wa taa za mji wa kuififisha anga, na kabla ya saa moja kupita nyota ndogo ndogo huwa zimekwisha kujitokeza. Anayetazama juu kwa subira wakati huo huweza kuona nukta ya nuru inayokwenda kimya kimya kati ya nyota, haipepesi, wala haina taa za rangi kama za ndege. Nukta hiyo ni setilaiti, yaani chombo kilichotengenezwa na binadamu kikarushwa kuizunguka dunia. Chenyewe hakina taa. Huakisi tu nuru ya jua, ambalo kwetu limekwisha kuzama lakini huko juu bado linawaka.

Setilaiti nyingi kazi zake zinajulikana: kupeleka habari, kupima hali ya hewa, kupiga picha za misitu na mashamba. Lakini nyingine ni za kijeshi, na wenye nazo hawasemi zimebeba vyombo gani wala zinatazama nini. Hata hivyo, njia wanazopita nyingi kati yake zimeandikwa katika madaftari ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma. Jambo hili huwashangaza wengi. Chombo cha siri kiwezeje kuwa na njia inayojulikana na watu wote? Nani huyaandika madaftari hayo, na yana faida gani kwa mwalimu na mwanafunzi wa Ruvuma? Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo matatu.

KWA NINI NJIA HAIFICHIKI

Kitu kinachoizunguka dunia hakijichagulii njia kila siku kama dereva wa gari achaguavyo barabara. Njia yake, ambayo huitwa obiti, hutawaliwa na kanuni za mwendo zilizogunduliwa na Johannes Kepler mwanzoni mwa karne ya 17 na kuelezwa na Isaac Newton mwaka 1687. Kadiri chombo kilivyo karibu na dunia ndivyo kinavyolazimika kwenda mbio zaidi. Setilaiti iliyo kimo cha kilometa 400 huenda kilometa 7.7 kwa sekunde na hukamilisha mzunguko mmoja kwa dakika 92.6 hivi. Haiwezi kukaa kimo hicho hicho ikaenda polepole, hata ingekuwa mali ya dola kuu kuliko zote.

Ili kuijua obiti, mambo machache yanatosha. La kwanza ni muda wa mzunguko mmoja. La pili ni mwinamo, yaani pembe iliyopo kati ya obiti na ikweta. La tatu ni kimo cha juu kabisa na cha chini kabisa. La nne ni saa na mahali chombo kinapovuka ikweta. Mwenye tarakimu hizo anaweza kukaa chini na karatasi yake akasema chombo kitapita wapi kesho jioni, hata kama hajui kina kamera au kina mtambo wa kusikiliza redio.

Mwinamo una maana ya pekee. Setilaiti yenye mwinamo wa nyuzi 40 haiwezi kupita juu ya mahali palipo mbali zaidi ya nyuzi 40 kutoka ikweta, iwe kaskazini au kusini. Mpitimbi ipo karibu nyuzi 11 kusini ya ikweta. Kwa hiyo karibu kila setilaiti ya kupiga picha, ambayo kwa kawaida hupitia karibu na ncha mbili za dunia, mara kwa mara hupita juu ya kijiji hiki. Haiombi ruhusa, na sheria ya kimataifa haiitaki iombe.

Lakini obiti si kitu cha kuandikwa mara moja kikaachwa kama mipaka ya shamba. Hewa nyembamba iliyopo huko juu huivuta setilaiti na kuishusha kidogo kidogo. Zaidi ya hayo, chombo chenye injini huweza kuhamishwa. Daftari la obiti lisiposahihishwa kwa majuma machache huanza kukosea. Kwa sababu hiyo, thamani ya daftari hutegemea watu wanaoendelea kutazama.

WANAFUNZI WA KETTERING

Mfano ulio bora kupita yote katika historia ya jambo hili ulitoka katika shule ya sekondari. Katika mji wa Kettering, Uingereza, mwalimu wa fizikia Geoffrey Perry alikuwa akitafuta namna ya kuwafundisha wanafunzi wake badiliko la Doppler, yaani lile badiliko la sauti au wimbi linalotokea wakati chanzo chake kinapomkaribia msikilizaji na kisha kumwacha. Pamoja na mwenzake Derek Slater, mwalimu wa kemia, alitumia redio ya mawimbi mafupi kusikiliza setilaiti za Urusi ya Kisovieti zilizokuwa zikitangaza karibu na megahezi 20. Chombo kinapokaribia, mlio husikika juu kidogo. Kinapokwenda zake, hushuka. Dakika ambayo badiliko ni la haraka zaidi ndiyo dakika ambayo chombo kipo karibu zaidi na msikilizaji.

Wanafunzi waliandika nyakati hizo siku baada ya siku. Waliona kwamba baadhi ya setilaiti zilizopewa jina la Kosmos hukaa angani siku 8 kisha hushushwa. Serikali ya Kisovieti ilikuwa ikisema kwamba vyombo vya Kosmos ni vya kuchunguza anga. Lakini chombo cha kuchunguza anga hakina haja ya kurudishwa nyumbani kila baada ya siku 8. Kinachohitaji kurudishwa ni filamu ya picha.

Tarehe 17 Machi 1966 ilirushwa Kosmos 112. Mwinamo wake ulikuwa nyuzi 72, ambao haukuwa wa kawaida kwa vyombo vilivyorushwa kutoka kituo kilichokuwa kikijulikana cha Tyuratam, katika Kazakhstan. Mwezi Oktoba mwaka huo huo ikaja Kosmos 129 yenye mwinamo wa nyuzi 65 hivi. Perry na wanafunzi wake walichora kwenye ramani njia ya kila chombo, wakiirudisha nyuma hadi mwanzo wa safari yake. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: ikiwa vyombo viwili vimerushwa kutoka mahali pamoja kwa pembe mbalimbali, basi njia zao lazima zikutane mahali hapo. Mistari ilikutana karibu na Plesetsk, kaskazini mwa Urusi. Kabla ya mwaka 1966 kwisha waliutangazia ulimwengu kwamba pana kituo kipya cha kurushia roketi ambacho hakijawahi kutajwa hadharani. Serikali ya Kisovieti ilikikubali kituo hicho rasmi mwaka 1983, yaani miaka 17 baadaye.

Mwalimu asome habari hii kwa makini. Wanafunzi wale hawakuwa na rada, wala hawakuiba hati ya mtu. Walikuwa na redio, saa, ramani, na desturi ya kuandika kila walichokisikia bila kukosa siku. Chombo chao kikubwa kilikuwa daftari.

DAFTARI LA UMOJA WA MATAIFA

Miaka minne tu baada ya Sputnik ya kwanza ya tarehe 4 Oktoba 1957, mataifa yaliona haja ya kuwa na kumbukumbu ya pamoja. Tarehe 20 Desemba 1961 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio namba 1721, liliyaomba mataifa yanayorusha vyombo angani yapeleke habari zake ili ziandikishwe. Baadaye ulitungwa mkataba kamili wa kuandikisha vyombo hivyo, ambao ulifunguliwa kutiwa sahihi mwezi Januari 1975 na kuanza kutumika tarehe 15 Septemba 1976. Kwa mkataba huo, taifa lililorusha chombo hutaja jina lake au namba yake, tarehe na mahali kiliporushiwa, muda wa mzunguko, mwinamo, kimo cha juu na cha chini, na kazi ya chombo kwa jumla.

Msomaji atadhani kwamba hapo siri imekwisha. Sivyo. Mkataba unasema habari zipelekwe mapema iwezekanavyo, lakini hautaji siku. Hauamuru obiti iandikwe upya pindi inapobadilika. Na maneno "kwa jumla" yameacha mlango wazi: mataifa makubwa yamekuwa yakieleza setilaiti zao za upelelezi kwa maneno mapana mno, ya kama uchunguzi wa anga au matumizi ya ufundi wa angani, maneno ambayo yangeweza kukifaa chombo cha aina yoyote ile. Mwanafalaki Jonathan McDowell, ambaye tangu mwaka 1989 ametoa taarifa ya mara kwa mara kuhusu vyombo vinavyorushwa, amelilinganisha daftari la Umoja wa Mataifa na orodha nyingine na kuonyesha mahali palipo na mapengo.

Daftari la pili ni orodha ya jeshi la Marekani, ambayo hutokana na rada na darubini zake. Imekwisha kupita namba 60,000, na sehemu kubwa hutolewa bure kwa umma. Lakini mwaka 1983 serikali ya Marekani iliacha kutangaza obiti za setilaiti zake za siri. Namba ya chombo huandikwa, tarehe ya kurushwa huandikwa, kisha safu ya obiti huachwa tupu. Setilaiti za siri za marafiki zake kadha nazo zikaachwa tupu vivyo hivyo.

Utupu huo haukuwaridhisha hata wakubwa wenzake. Mwaka 2007 Ufaransa ilieleza kwamba rada yake iitwayo GRAVES, iliyoanza kazi mwaka 2005, ilikuwa imeona vitu 20 hadi 30 ambavyo havimo katika orodha ya hadhara ya Marekani. Wakati huo Marekani ilikuwa ikizitangaza obiti za setilaiti za kijeshi za Ufaransa. Basi Wafaransa wakaona wamepata kitu cha kubadilishana: nyamazeni kuhusu zetu, nasi tutanyamaza kuhusu zenu.

WATAZAMAJI WANAOJAZA MAPENGO

Daftari la tatu huandikwa na watu wa kawaida. Mizizi yake ni ya zamani. Uingereza, katika taasisi ya ndege ya Farnborough, Desmond King-Hele na wenzake walikusanya vipimo kutoka kwa watazamaji wengi wa kujitolea na kuchapisha jedwali la setilaiti zote. Kutokana na obiti hizo hizo King-Hele alipima msongamano wa hewa ya juu sana, na akaonyesha kwamba umbo la dunia linafanana kidogo na pea. Hapo twaona kwamba kuiandika njia ya chombo kwa uangalifu kulizaa elimu ambayo mrushaji mwenyewe hakuikusudia.

Baada ya mwaka 1983 watazamaji wa namna hiyo waliendelea kuzifuata setilaiti ambazo orodha rasmi ilizificha. Tarehe 22 Aprili 2010 Marekani ilirusha chombo cha kijeshi kisicho na rubani kiitwacho X-37B, bila kusema kimekwenda wapi. Kabla ya mwisho wa mwezi wa Mei kilikuwa kimekwisha kuonekana na watazamaji wa kujitolea, mmoja wao akiwa Cape Town, Afrika Kusini, na mwingine Kanada. Vipimo vyao vilionyesha kimo cha kilometa 400 hivi na mwinamo wa nyuzi 40.

Mwezi Januari 1918 hali ya anga isingaliweza kuleta kisa kama kile kilichotokea karne moja baadaye. Mwezi huo wa Januari 2018 ilirushwa kutoka Florida setilaiti ya siri iliyoitwa Zuma. Saa mbili na robo hivi baadaye, rubani wa ndege aliyekuwa karibu na Khartoum, Sudani, alipiga picha ya wingu la ajabu lililojisokota angani. Lilikuwa mafuta yaliyomwagwa na kipande cha juu cha roketi ile kabla ya kushuka. Picha hiyo ya Afrika ikawasaidia wachunguzi kukadiria obiti ambayo haikutangazwa. Habari zilizotoka baadaye zilisema Zuma yenyewe ilipotea. Mtu mmoja wa Kanada aliyekuwa akiitafuta kwa redio hakuiona, lakini alinasa mlio wa IMAGE, setilaiti ya kisayansi iliyorushwa mwaka 2000 na ambayo ilikuwa kimya tangu Desemba 2005. Wenyewe, shirika la NASA, walithibitisha kwamba ndiyo.

MAMBO YALIYOTUPATA SISI

Huenda mtu akasema hayo ni mashindano ya wakubwa, na sisi hayatuhusu. Historia ya pwani yetu yasema vingine.

Mwaka 1960 Uingereza na Marekani zilikubaliana kujenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya mpango wa Mercury, ambao ulikuwa wa kumpeleka mtu angani. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara 3, kituo cha Unguja kilikuwa miongoni mwa vile vilivyozungumza naye. Mpango wa Mercury haukuwa wa siri, wala kituo hakikuwa na roketi. Hata hivyo wananchi wengi waliamini kwamba ni ngome ya makombora, na vyama vya siasa viliandamana kukipinga. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kiondolewe, na mwezi Aprili kikafungwa. Shaka haikuzuka bure: mitambo ililetwa na dola mbili kwa mapatano yao, na wenye nchi hawakuwa na njia yao wenyewe ya kuhakikisha wanayoambiwa. Mahali ambapo mtu hawezi kujipimia, uvumi hupima badala yake.

Kwa upande mwingine, katika bahari ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Wataliano walisimamisha jukwaa la San Marco, ambako setilaiti zilirushwa tangu mwaka 1967 hadi 1988. Iliyo mashuhuri ni Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, na ambayo ilitoa orodha ya vyanzo 339 vya miali ya eksi angani. Obiti yake ilijulikana kwa wote: kimo cha kilometa 540 hivi, mwinamo wa nyuzi 3. Wataalamu wa nchi yoyote waliweza kuifuata.

Tukio la karibu zaidi ni la tarehe 30 Desemba 2024. Siku hiyo pete la chuma lenye kipenyo cha meta 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi lilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Kwa bahati njema hakuna aliyeumia. Shirika la Anga za Juu la Kenya lililichukua na kutangaza kwamba, kwa uchunguzi wa awali, ni pete la kutenganisha sehemu za roketi. Swali la wanakijiji lilikuwa la haki kabisa: ni mali ya nani? Wachunguzi wa nchi mbalimbali walikimbilia madaftari ya hadhara kutafuta ni kitu gani kilichokuwa kikitazamiwa kushuka siku ile, na kama njia yake ilipita juu ya Makueni.

Hapa ndipo uzito wa jambo unapoonekana. Kwa mkataba wa mwaka 1972, taifa lililorusha chombo hulipa hasara yote inayotokea juu ya ardhi, bila kutafutwa kosa. Tarehe 24 Januari 1978 Kosmos 954, setilaiti ya kijeshi ya Kisovieti yenye tanuri la nyuklia, iliangukia kaskazini mwa Kanada na kutawanya vipande vya sumu ya mnururisho. Kanada ilidai, na mwishowe ikalipwa dola milioni 3 za Kanada. Iliweza kudai kwa kuwa mwenye mali alijulikana. Mkulima wa Makueni au wa Mpitimbi ambaye shamba lake la mahindi limeangukiwa na chuma kisicho na jina hana wa kumdai, isipokuwa pawe na daftari linaloweza kusema: saa fulani, kitu fulani, cha nchi fulani, kilipita hapa. Obiti ikiachwa tupu kwa ajili ya siri, haki yake nayo imeachwa tupu.

JE, SI HATARI KUTANGAZA?

Wanajeshi hutoa hoja ambayo haifai kupuuzwa. Anayejua saa ya kupita kwa kamera anaweza kuficha kazi yake. India ilipojaribu mabomu ya nyuklia huko Pokhran tarehe 11 Mei 1998, matayarisho yalifanywa kwa kuzingatia nyakati ambazo setilaiti za Marekani hazikuwapo juu, na Marekani ikashtukizwa. Tena setilaiti za upelelezi zimewahi kuilinda amani, maana mikataba ya mwaka 1972 ya kupunguza silaha ilitegemea kila upande kumchungulia mwenzake kutoka juu.

Hata hivyo tuipime hoja hiyo. Taifa lenye uwezo wa kutengeneza bomu lina uwezo pia wa kutazama anga lenyewe. Daftari la watu wa kawaida haliliongezei sana. Asiye na rada, yaani nchi ndogo, mwanachuo, mwandishi wa habari, au mwanakijiji, ndiye anayekosa kila kitu daftari likifungwa. Siri ya yaliyomo ndani ya chombo inaweza kuwa na sababu zake. Siri ya mahali kilipo humficha mwenye mali mbele ya wadhaifu, na kwa wenye nguvu haimfichi sana.

ZOEZI LA KUFANYA MPITIMBI

Watazamaji wengi wa setilaiti wanaishi kaskazini ya mbali. Mjini Kettering, mwezi Juni, jua halizami chini sana, na setilaiti huangazwa usiku kucha. Kwetu jua hushuka karibu wima. Setilaiti iliyo kimo cha kilometa 400 juu ya utosi huingia katika kivuli cha dunia saa moja na dakika 20 hivi baada ya jua kuzama. Iliyo kimo cha kilometa 1,000 huingia baada ya saa mbili hivi. Muda wetu wa kutazama ni mfupi, jioni na kabla ya mapambazuko. Lakini tuna faida ambayo Kettering haina. Chombo chenye obiti kama ya Uhuru hakionekani kabisa kutoka Uingereza, kwa kuwa hakipandi juu ya upeo wa macho wa mtu aliye mbali zaidi ya nyuzi 26 kutoka ikweta. Mpitimbi kingeweza kuonekana nyuzi 26 juu ya upeo wa kaskazini. Sehemu hii ya anga ina watazamaji wachache, na macho ya kwetu yanahitajika.

Vifaa ni saa ya kupimia muda kama ile ya michezo, ramani ya nyota, na daftari. Darubini ndogo ya macho mawili itafaa ikipatikana. Saa isahihishwe kwanza kwa alama ya saa ya redio. Chagua nyota mbili zinazojulikana. Chombo kinapokatisha kati yake, bonyeza saa na uandike.

Tuchukue mfano wa kubuni. Setilaiti inapita juu ya utosi Jumatatu saa 1:30:00 usiku, ikitoka kaskazini kwenda kusini. Jumanne inapita hapo hapo saa 1:26:04. Muda uliopita ni saa 23, dakika 56 na sekunde 4, yaani sekunde 86,164, ambao ndio muda wa dunia kujizungusha mara moja. Setilaiti imezunguka mara ngapi? Kama ni mara 14, mzunguko mmoja ni dakika 102.6, kama ni 15, ni dakika 95.7, kama ni 16, ni dakika 89.8. Kwa kanuni ya Kepler, vimo vyake ni kilometa 880, 550 na 260.

Ili kuchagua, pima mbio zake juu ya utosi. Ya kimo cha kilometa 880 hukata karibu nusu ya nyuzi moja kwa sekunde. Ya 550 hukata nyuzi 0.8, ya 260 hukata nyuzi 1.7. Ngumi iliyokunjwa, mkono ukiwa umenyooshwa, hufunika nyuzi 10 hivi. Basi ikiwa chombo kimevuka upana wa ngumi kwa sekunde 12 au 13, ni kile cha kilometa 550, na kimezunguka mara 15.

Sasa ngoja hadi Ijumaa. Chombo kinapita saa 1:14:16. Tangu Jumatatu ni sekunde 344,656, mizunguko 60. Mzunguko mmoja ni sekunde 5,744.3. Tuseme mkono wako ulichelewa kubonyeza saa kwa sekunde 2. Kosa hilo limegawanywa kwa 60, na limebaki sehemu 3 za mia za sekunde. Kwa namna hiyo mtu mwenye saa ya bei nafuu hupata obiti iliyo sahihi kuliko mkono wake. Lakini asipotazama siku kadha mfululizo, faida hiyo hapati.

Wanafunzi wakiisha kupata tarakimu zao, wazilinganishe na orodha za hadhara, ambazo siku hizi hupatikana kwa kompyuta. Mara nyingi watakuta chombo ni cha kawaida, ambacho obiti yake ipo wazi. Huenda siku moja wasikikute katika orodha rasmi. Hapo wasikimbilie kusema wamevumbua siri. Wakague saa, wakague nyota, warudie hesabu, watazame tena kesho. Kikiendelea kupita kwa saa waliyoitabiri, basi daftari lao litakuwa limeandika jambo ambalo wenye chombo hawakutaka kuliandika, na litakuwa na nguvu ile ile ya kila kipimo cha kweli: mtu mwingine yeyote, katika kijiji kingine chochote, anaweza kuinua macho akalihakiki.